Figo ya Kumpa Ndugu: Nani Atoe, na kwa Hesabu Gani?

Binadamu huzaliwa na figo mbili, naye aweza kuishi kwa moja. Juu ya ukweli huu mfupi umejengwa upasuaji ambao tangu mwaka 1954 umewarudishia uhai watu wengi ulimwenguni. Lakini ukweli huu, ukisemwa peke yake, hupotosha. Kwani asikiaye aweza kudhani kuwa figo ya pili ni akiba isiyo na kazi, mfano wa kanzu ya sikukuu iliyofungiwa sandukuni, na kwamba anayesita kuitoa ana moyo mgumu. Sayansi yasema vingine.

Na ichukuliwe nyumba moja ya kufikirika katika wilaya ya Micheweni, kaskazini ya kisiwa cha Pemba. Baba wa nyumba hiyo ameshafariki. Mama ana umri wa miaka 58. Watoto ni wanne: kaka mkubwa wa miaka 41, ambaye kazi yake ni kilimo na kuchuma karafuu; wa pili ni mwalimu wa miaka 34; wa tatu ni dada wa miaka 29 mwenye watoto wawili; na mziwanda ni kijana wa miaka 19 aliyemaliza shule hivi karibuni. Figo za mwalimu zimeharibika kabisa. Amehamia kwa jamaa zake mjini Unguja ili awe karibu na mashine za kusafisha damu za Hospitali ya Mnazi Mmoja, na kati yake na darasa lake sasa pana bahari. Madaktari wameeleza kuwa angefaa kupandikizwa figo ya mtu aliye hai. Usiku mmoja jamaa wamekaa barazani, na swali ni moja: nani atoe?

Katika mashauri ya namna hii jibu la kwanza huja kwa haraka. Kaka mkubwa asema kuwa yeye ndiye badala ya baba, basi wajibu ni wake. Mziwanda asema kuwa yeye ndiye mwenye nguvu. Dada atazamwa na wote, wala hakuna anenaye neno. Mama aambiwa apumzike, kwa kuwa umri umempita. Makala hii yaeleza jinsi sayansi inavyozipima kauli hizo nne, na kwa nini matokeo yake aghalabu hayafanani na yaliyodhaniwa barazani.

KAZI YA FIGO

Figo zina umbo la punje ya haragwe. Kila moja ina urefu wa sentimeta 10 hadi 12 na uzito wa gramu 150 hivi. Zimelala nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, nazo zimehifadhiwa kwa sehemu na mbavu za chini. Ingawa ni ndogo, hupokea kiasi cha moja ya tano ya damu yote isukumwayo na moyo, yaani zaidi ya lita moja kwa kila dakika.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno viitwavyo nefroni, ambavyo wastani wake ni kiasi cha milioni moja. Kwa kijana mwenye afya, nefroni za figo zote mbili huchuja mililita 125 hivi za majimaji kwa dakika. Mwanafunzi akizidisha kiasi hicho kwa dakika 1,440 za siku nzima, atapata lita 180. Kwa kuwa mkojo wa siku kwa kawaida ni lita moja au mbili tu, ni dhahiri kwamba karibu maji yote yaliyochujwa hurudishwa katika damu pamoja na sukari na chumvi zinazohitajiwa, ilhali takataka kama vile urea na kreatinini huachwa ziende kibofuni. Zaidi ya hayo, figo husaidia kurekebisha shinikizo la damu, hutoa homoni inayochochea kutengenezwa kwa chembe nyekundu za damu, na huikamilisha vitamini D ambayo mifupa huihitaji.

Mtu anapoondolewa figo moja, ile iliyobaki haikai kama ilivyokuwa. Mishipa yake hupanuka, damu nyingi zaidi huipitia, nayo hukua kidogo. Kama figo mbili zilikuwa zikichuja mililita 100 kwa dakika, mtu angetarajia moja ichuje 50. Lakini katika majuma na miezi inayofuata hupanda na kufikia kiasi cha 65 hadi 70. Kiwango hicho chatosha kwa maisha ya kawaida, kwani dalili nzito za figo kushindwa huonekana kiwango kinapokaribia au kushuka chini ya 15. Hata hivyo, yafaa ieleweke kuwa kilichopungua ni akiba. Mtoaji ana afya, lakini nafasi aliyo nayo ya kukabili ugonjwa wa figo utakaomjia baadaye imekuwa ndogo kuliko ile ya mwenzake mwenye figo mbili.

SABABU ZA KUHARIBIKA, NA SUALA LA KICHOCHO

Katika nchi nyingi sababu kubwa za figo kushindwa kazi ni kisukari na shinikizo la juu la damu. Zipo pia sababu nyingine: magonjwa ya vichujio vyenyewe, mawe, maradhi ya kurithi, na matumizi mabaya ya dawa, hasa baadhi ya dawa za maumivu. Katika Pemba pana jambo jingine ambalo halina budi kutajwa, nalo ni kichocho cha mkojo.

Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayecheza mtoni na katika madimbwi. Minyoo ikishakomaa huishi katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu, nayo hutaga mayai. Mayai mengine hutoka kwa mkojo, pamoja na damu ambayo wazee wengi wa kisiwani waliijua tangu utotoni. Mengine hunasa katika ukuta wa kibofu na sehemu ya chini ya mirija itokayo kwenye figo, na hapo hufanya makovu. Mrija ukibanwa na kovu, mkojo hurudi nyuma, figo huvimba, na nefroni hufa polepole bila ya mtu kuhisi maumivu makubwa.

Kampeni za kupambana na kichocho Pemba zilianza katika miaka ya 1980, na tangu mwaka 2000 maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyoko Wawi karibu na Chake Chake, imekuwa kituo cha utafiti wa maradhi haya. Kwa kugawa dawa ya prazikwanteli kwa watu wengi, kuwaua konokono na kuelimisha watu, maambukizo yamepungua sana. Lakini dawa hiyo huua minyoo. Haiondoi kovu lililokwisha kuwa gumu. Kwa sababu hiyo mtu mzima aliyekulia karibu na mto aweza kuwa hana minyoo tena, ilhali mirija yake ya mkojo bado ina alama za zamani. Jambo hili ni muhimu kwa mgonjwa, na ni muhimu vile vile kwa yule anayetaka kumpa figo.

Figo zikishindwa kabisa, njia ni mbili. Ya kwanza ni kusafisha damu kwa mashine, ambako kwa kawaida huhitaji kukaa kitini saa nne, mara tatu kwa juma, maisha yote. Mashine huondoa takataka na maji, lakini hufanya sehemu ndogo tu ya kazi ambayo figo huifanya usiku na mchana. Njia ya pili ni kupandikiza figo ya mtu mwingine. Mgonjwa aliyepandikizwa vyema aghalabu huishi miaka mingi zaidi kuliko aliyebaki kwenye mashine, naye aweza kurudi kazini.

MAMA WA PARIS NA PACHA WA BOSTON

Mwezi Desemba 1952, nchini Ufaransa, kijana wa miaka 16 aitwaye Marius Renard alianguka alipokuwa akifanya kazi ya kuezeka mapaa. Figo yake ilipasuka na madaktari wakaiondoa. Kisha wakagundua kuwa alikuwa amezaliwa na figo hiyo moja tu. Mama yake akaomba atolewe figo yake apewe mwanawe, na upasuaji ukafanywa mjini Paris. Figo ile ilifanya kazi mara moja, na kwa majuma matatu hivi ilionekana kama kwamba jambo limefaulu. Kisha mwili wa kijana ukaikataa, naye akafariki mwezi Januari 1953.

Sababu ya kukataliwa huko ilikwisha anza kuelezwa na mwanasayansi Peter Medawar wa Uingereza, aliyechunguza ngozi za kupandikiza katika miaka ya 1940 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Kinga ya mwili hutambua seli ngeni na kuzishambulia, hata kama zimeletwa kwa wema.

Mnamo tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, daktari Joseph Murray na wenzake walipata njia ya kuikwepa kinga hiyo. Ronald Herrick alimpa figo pacha wake, Richard. Pacha hao walikuwa wametoka katika yai moja, kwa hiyo mwili wa Richard haukuiona figo ile kuwa ngeni. Aliishi miaka minane zaidi. Ronald, aliyetoa, aliishi kwa figo moja hadi mwaka 2010. Murray alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Watu wasio na pacha waliendelea kungoja mpaka zilipopatikana dawa za kuituliza kinga: kwanza azathioprini katika miaka ya 1960, halafu siklosporini, iliyotokana na kuvu na kuanza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1980. Tangu hapo mama aweza kumpa mwanawe figo na ikadumu.

Kwa muda mrefu Watanzania waliohitaji upasuaji huu walipelekwa nje, hasa India. Mwezi Novemba 2017 figo ya kwanza ilipandikizwa nchini, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka India. Mwezi Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kazi hiyo kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Japani. Katika upasuaji huo figo zimetoka kwa watu walio hai, ndugu wa wagonjwa. Kwa hiyo swali la baraza la Micheweni si la nchi za mbali tena.

KUFANANA KWA DAMU NA KWA TISHU

Kipimo cha kwanza ni kundi la damu. Sheria yake ni ile ile ya kuongezewa damu: mtu wa kundi O aweza kumpa yeyote, lakini yeye hupokea kutoka kwa O tu; wa AB hupokea kutoka kwa wote. Alama ya Rhesus haizingatiwi katika figo. Hospitali chache duniani huweza kuvuka mpaka huu kwa matibabu maalumu, lakini kufuata kundi ndiyo njia ya kawaida.

Katika familia ya mfano, mama ni O na marehemu baba alikuwa B, mwenye jeni moja ya B na moja ya O. Mwanafunzi akichora mraba wa Mendel ataona kuwa kila mtoto alikuwa na nafasi ya nusu kwa nusu kuwa B au O. Mwalimu ni O. Kaka mkubwa na mziwanda ni O pia. Dada ni B. Basi hawezi kumpa mwalimu figo yake, na macho ya barazani hayana haki ya kumtazama tena.

Kipimo cha pili ni cha tishu. Juu ya seli za mwili mna alama ziitwazo antijeni za HLA, ambazo jeni zake zimekaa pamoja katika kromosomu ya 6 na kwa kawaida hurithiwa kwa mkupuo. Ikiwa mikupuo ya mama itaitwa a na b, na ya baba c na d, watoto waweza kuwa ac, ad, bc au bd. Kwa hiyo ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi ya robo kufanana kabisa, nusu kufanana nusu, na robo kutofanana kwa lolote. Mzazi na mtoto, kwa upande wao, hufanana nusu daima. Katika mfano huu mwalimu ni ac. Mziwanda naye ni ac. Kaka mkubwa ni bc. Mama ni ab.

Kipimo cha tatu huchanganya seli za mtoaji na majimaji ya damu ya mpokeaji, ili kuona kama mpokeaji tayari ana silaha dhidi ya seli hizo. Mtu aliyewahi kuongezewa damu, au mwanamke aliyewahi kubeba mimba, aweza kuwa nazo. Ikiwa zipo, figo yaweza kukataliwa upesi mno, hata kama makundi ya damu yanapatana.

Hapo ndipo familia nyingi husimama na kusema: mziwanda amefanana kabisa, jambo limekwisha. Kwa kweli ndipo linapoanza.

MTOAJI NI MGONJWA WA PILI

Upasuaji mwingi hufanywa kwa faida ya mwili wa anayepasuliwa. Huu humchukua mtu mzima asiye na ugonjwa na kumtia kisu kwa faida ya mwingine. Kwa sababu hiyo madaktari humhesabu mtoaji kuwa mgonjwa wa pili, mwenye haki zake mbali na za mpokeaji. Na katika vituo vinavyofuata utaratibu bora, daktari anayemwangalia mtoaji si yule anayemtibu nduguye.

Uchunguzi wake hufuata mambo mengi: shinikizo la damu kwa vipimo vya siku mbalimbali, sukari, kiwango cha kuchuja, protini na damu katika mkojo, moyo, mapafu, ini, virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, na picha za kuonyesha figo, mirija na mishipa yake. Kwa mtu wa Pemba yafaa kuongezwa uchunguzi wa kichocho: mkojo upimwe mayai, na mirija na kibofu vitazamwe kwa picha za mawimbi ya sauti. Kuwahi kuugua kichocho peke yake hakumzuii mtu kutoa, ikiwa ametibiwa na njia zake za mkojo ni salama. Makovu ndiyo yanayozuia.

Kaka mkubwa, aliyeingia hospitali akiwa na uhakika kwamba hajawahi kuugua, akutwa na shinikizo la juu la damu na protini katika mkojo. Hawezi kutoa. Hili si jambo la aibu wala si usaliti kwa ndugu. Figo zake zilikuwa zimeanza kudhurika bila ya yeye kujua, na lau angetoa moja, huenda baada ya miaka kadhaa nyumba ile ingekuwa na wagonjwa wawili. Uchunguzi umemwokoa yeye kabla ya kumwokoa nduguye.

HESABU YA HATARI

Wamebaki mziwanda na mama. Ili kuwapima yapasa kujua hatari yenyewe ni ya kiasi gani.

Hatari ya kufa kwa sababu ya upasuaji ni ndogo. Katika takwimu za Marekani za miongo ya nyuma ilikuwa kiasi cha watoaji 3 katika 10,000. Na kwa miaka ya karibuni imeshuka hadi kiasi cha 1 katika 10,000. Tangu mwaka 1995, ilipoanzishwa huko Baltimore njia ya kutoa figo kwa kamera na matundu madogo, vidonda vimekuwa vidogo zaidi na uponaji umekuwa wa haraka zaidi. Hata hivyo mtoaji hana budi kuepuka kubeba mizigo mizito kwa majuma sita hivi. Kwa mtu wa kupanda mikarafuu, kupiga makasia au kujitwisha ndoo za maji, hilo ni pengo katika riziki, nalo lafaa kuwekwa katika hesabu ya familia kabla ya safari.

Hatari ya baadaye ndiyo ngumu zaidi kupima. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2014 ulikadiria kuwa katika kila watoaji 10,000, watu 90 watapata ugonjwa wa mwisho wa figo kabla ya kumaliza maisha yao. Katika watu 10,000 wenye afya kama yao ambao hawakutoa, idadi ni 14. Katika watu 10,000 wa kawaida, ambao hawakuchaguliwa kwa afya, idadi ni 326. Tarakimu hizi tatu yapasa zisomwe pamoja. Mtoaji yu katika usalama kuliko mtu wa kawaida, kwa sababu alichaguliwa. Lakini hatari yake imepanda mara sita hivi kuliko ile ambayo angekuwa nayo kama angebaki na figo zote mbili. Anayemwambia mtoaji kuwa hakuna hatari amemficha tarakimu ya 14. Anayemtisha kuwa atakufa kwa figo amemficha tarakimu ya 326. Ikumbukwe pia kuwa hesabu hizo ni za nchi ambayo mashine za kusafisha damu zi karibu na wagonjwa wengi.

Kwa wanawake yapo ya kuongeza. Uchunguzi wa Kanada uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa shinikizo la damu la mimba, pamoja na hali inayotangulia kifafa cha mimba, lilitokea katika mimba 11 kwa kila 100 za wanawake waliotoa figo, na katika 5 kwa kila 100 za wenzao wasiotoa. Wengi wao walijifungua salama, lakini mwanamke anayetarajia kuzaa bado yampasa alijue jambo hili kabla, si baada.

UMRI: JAMBO LISILOTAZAMIWA

Sasa waweza kulinganishwa mziwanda na mama. Figo ya mziwanda ni changa na imefanana kabisa na mwalimu. Kwa wastani figo ya namna hiyo hudumu zaidi. Figo ya mama imefanana nusu, na kwa kuwa uwezo wa kuchuja hupungua kidogo kidogo baada ya umri wa makamo, yaanza na kiwango cha chini zaidi. Kwa upande wa mpokeaji, mziwanda ameshinda.

Lakini upande wa mtoaji waonyesha kinyume. Kijana wa miaka 19 ana miaka hamsini au zaidi mbele yake. Kisukari na shinikizo la damu, ambavyo ndivyo adui wakubwa wa figo, aghalabu hujitokeza baada ya umri wa miaka 35 au 40. Hakuna kipimo cha leo kiwezacho kuona kwa uhakika ugonjwa utakaomjia kijana huyo mwaka wake wa arobaini na tano. Kaka yake mkubwa ni ushahidi: alipokuwa na miaka 19, yumkini vipimo vyake vyote vingekuwa safi. Mama wa miaka 58, ambaye shinikizo lake la damu, sukari na mkojo wake ni salama hadi leo, amekwisha pita sehemu kubwa ya njia hiyo. Kusema kwa lugha ya hesabu, matokeo ya uchunguzi wa mama yana habari nyingi zaidi kuliko ya mwanawe.

Zamani hoja hii isingekuwa na uzito, kwa kuwa figo iliyofanana nusu ilikataliwa haraka. Dawa za sasa zimeipunguza tofauti hiyo. Katika vituo vyenye ujuzi, zaidi ya figo 95 katika kila 100 zilizotolewa na watu walio hai huwa bado zinafanya kazi baada ya mwaka mmoja, na nyingi hudumu miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo familia hailazimiki kumtwika mdogo kuliko wote mzigo huo kwa sababu tu jeni zake zimeoana na za kaka yake. Na ikiwa siku moja figo ya mama itachoka, mziwanda, akiwa mtu mzima aliyepimwa upya, bado atakuwepo.

HIARI

Vipimo vyote vikisha kuwa safi, husalia swali ambalo maabara haiwezi kulijibu. Mtoaji hana budi kuulizwa akiwa peke yake, bila ya kaka, mume wala mzee wa ukoo, kama ataka kutoa. Aweza kukataa siku hiyo, au kesho yake, au asubuhi ya upasuaji kabla ya kutiwa nusukaputi; na daktari humwambia jamaa kwamba hafai kutoa, pasipo kueleza zaidi. Siri hiyo huwekwa kwa makusudi, kwa kuwa katika kisiwa ambamo watu wote wajuana, kukataa hadharani ni jambo gumu kuliko kisu.

Kuuza figo kumekatazwa na kanuni za Shirika la Afya Duniani zilizopitishwa mwaka 2010, kama ilivyokwisha kulaaniwa na wataalamu katika Azimio la Istanbul la mwaka 2008. Kwa wale wanaouliza upande wa dini, Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Februari 1988, iliruhusu mtu aliye hai kutoa kiungo ambacho uhai wake hautegemei, kwa masharti: atoe kwa hiari bila ya kulazimishwa, asipatwe na madhara yanayoharibu maisha yake, na kiungo kisiuzwe.

Lipo na jambo la kuuliza kuhusu mpokeaji. Atameza dawa za kutuliza kinga kila siku, maisha yote. Akizikosa, hata figo ya ndugu hukataliwa. Basi kabla ya kutoa, yafaa mtoaji ajue dawa hizo zitapatikana wapi, nani atazilipia, na kama zitamfikia mgonjwa siku ambazo bahari imechafuka na vyombo havisafiri. Naye mwenyewe, baada ya kutoa, atahitaji kupimwa kila mwaka shinikizo la damu, kreatinini na protini ya mkojo, na kuepuka dawa za maumivu kama vile ibuprofeni na diklofenaki ambazo watu huzinunua dukani bila ya kuuliza.

Katika nyumba ya Micheweni, mama amepimwa. Alikulia karibu na mto, na utotoni aliwahi kukojoa damu; lakini picha zimeonyesha mirija yake iko wazi na kibofu chake hakina kovu la kudhuru. Shinikizo lake ni la kawaida. Seli zake na majimaji ya damu ya mwanawe hayakugombana. Ameelezwa tarakimu ya 90, ya 14 na ya 326, naye amezirudia kwa mdomo wake ili daktari ahakikishe kuwa amezielewa. Sasa jamaa wote wametoka nje, mlango umefungwa, na daktari amuuliza kama ataka kutoa. Jibu lolote atakalolitoa, ndiyo au hapana, litakuwa sahihi, na litakuwa lake.